Ziara ya Miamba, Nakuru Hadi Kakamega: Lipia Siku Mbili, ya Tatu Ijadilini Kwanza

Kwa mwalimu wa jiografia, mwanafunzi wa jiolojia, au mtu ambaye amepita Bonde la Ufa mara nyingi na bado anajiuliza ardhi ilikatikaje vile, ziara hii inafaa kulipiwa. Si yote, lakini. Siku ya Nakuru ni kali kabisa, ya Kisumu ni nzuri, ya Kakamega wanaiharibu kwa haraka. Waongozaji ni kikundi kidogo chenye makao Nakuru, wana van moja na sanduku la vifaa, na wanachokiuza ni hadithi ya jinsi jiolojia ya Uskoti ilivyoingia nchi hii pamoja na ukoloni: nani alifundishwa wapi, alitumwa kutafuta nini, na aliyasoma mawe ya huku kwa macho ya wapi. Upande wa mawe wako imara. Upande wa historia ya watu wanateleza, na mahali pa kuteleza tutapataja.

Wanatoza shilingi elfu sita kwa mtu kwa siku, kundi likiwa la watu sita, pamoja na gari, vifaa na chakula cha mchana. Kulala ni juu yako. Ada za kuingia Menengai, Kariandusi na Kit Mikayi hazimo, na hilo husemwa mkiwa tayari mko njiani, kwa hiyo ulizeni mapema mjue mtabeba kiasi gani.

Wanaondoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msibishane nao kuhusu saa hiyo. Mkifika ukingoni Menengai baada ya saa tatu, vumbi na ukungu wa joto vimeanza kuufifisha ukuta wa upande wa pili, na ukuta ule ndio somo. Shimo hili la volkano lina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, na kutoka pale juu, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, unaliona lote kwa mkupuo mmoja: ukuta unaozunguka, sakafu iliyojaa lava nyeusi yenye mikunjo, na mvuke wa visima vya jotoardhi.

Cha ajabu hawaanzi na shimo. Wanaanza kwa kuchemsha maji. Wasafiri wa miaka ya 1880 walipima urefu wa mahali kwa kipimajoto, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yanavyochemka mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza nyuzi moja hivi. Kisumu maji huchemka kwenye nyuzi 96 na kidogo, mjini Nakuru karibu 94, na pale ukingoni karibu 92 na nusu. Mwongozaji ana birika dogo juu ya jiko la gesi na kipimajoto chenye alama za sehemu ya kumi ya nyuzi, na kila mtu anasoma mwenyewe na kuandika kabla ya kusikia jibu la mwenzake. Wengi hukosea kwa sababu moja: wanatumbukiza ncha ya kipimajoto ndani ya maji. Ncha inatakiwa kukaa kwenye mvuke, juu kidogo ya maji, kwa sababu maji yenye chumvi au uchafu huchemka kwa joto la juu zaidi, ilhali mvuke wake huwa karibu na kiwango halisi. Kosa la nusu nyuzi ni kosa la mita 150. Baada ya zoezi hilo unaelewa kwa nini urefu ulioandikwa na wasafiri wa zamani hutofautiana na wa leo, na pia kwa nini hautofautiani sana.

Kisha ndipo wanapolifikia shimo, na hapa pesa yako inarudi. Wanaweka beseni pana chini, katikati yake puto lililofungwa kwenye mpira mwembamba unaotokeza nje ya ukingo. Puto linajazwa upepo kwanza, kisha linafunikwa kwa unga mkavu wa mahindi, kama kilo nne, mpaka unga uwe na kina cha vidole vinne juu ya puto. Unga unasawazishwa kwa mbao, halafu upepo unaachiliwa polepole. Kwanza uso unabonyea kidogo, kisha nyufa zinajichora kwa mviringo, kisha kipande cha katikati kinazama kikiwa kizima na kuacha ukuta pembeni. Upepo ukitolewa kwa pupa, unga unaporomoka tu na hakuna cha kuona. Unga ukiwa na unyevu unashikana juu ya uwazi na haushuki kabisa, kwa hiyo msimu wa mvua wanauanika kwanza. Na ukiwa kidogo mno juu ya puto, linabaki shimo kama la kidole, bila ukuta. Walimu, hilo mnaweza kulifanya darasani kesho.

Ukishaona unga ukizama, maelezo ya Uskoti yanaingia bila kusukumwa. Glen Coe, kwenye nyanda za juu za Uskoti, ni volkano ya kale iliyosuguliwa na barafu mpaka kilichobaki ni mizizi yake. Mwaka 1909 wanajiolojia watatu wa serikali, Clough, Maufe na Bailey, walichapisha maelezo kwamba bonge zima la miamba pale lilizama kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kwa kufuata ufa wa mviringo. Glen Coe inakuonyesha mizizi bila umbo la juu. Menengai inakuonyesha umbo la juu lenye ukuta uliosimama, na mizizi imefichwa. Anayetaka kuelewa moja anahitaji nyingine. Na huyo Maufe alikuwa ametoka kufanya kazi huku, wakati akiitwa bado Herbert Muff. Mwaka 1905 hadi 1906 aliletwa Afrika Mashariki kutafuta maji kati ya Mombasa na Nairobi, na ripoti yake ikatoka 1908. Mwenyewe alikuwa Mwingereza, lakini shule yake ya mashambani ilikuwa miamba ya Uskoti. Maji kwanza, sayansi baadaye: huo ndio ulikuwa mpangilio wa serikali ya kikoloni, na mwongozaji analisema hilo waziwazi bila kulipaka sukari.

Hapo wangeweza kuongeza kitu ambacho kila mkazi wa Nakuru anakijua kwa meno yake. Lava ya Menengai ni ya aina ya trakiti, na miamba ya aina hiyo huachia fluoridi kwenye maji ya visima. Meno ya kahawia ya watoto waliokunywa maji ya kisima ni jiolojia inayotembea. Hawakulitaja. Tukawauliza, wakasema watalitia, na tunatumaini litakuwa limetiwa mtakapokwenda.

Shuka nao hadi kwenye lava changa, lakini vaa viatu vya soli ngumu, si raba za mazoezi, maana kingo zake hukata. Trakiti ni ya kijivu yenye vijiwe vyeupe vya feldspa vinavyometa ukigeuza jiwe juani. Penye lava iliyopoa upesi kuna obsidiani, kioo cheusi cha asili. Usiipige nyundo bila miwani ya kukinga macho. Kipande kinachoruka ni chembamba kama wembe na hakikupi onyo. Miwani ipo sandukuni, minne tu kwa watu sita, kwa hiyo mwenye yake aibebe.

Sasa John Walter Gregory, mwanajiolojia wa Bonde la Ufa. Mwongozaji alimwita Mskoti, na kijikaratasi wanachogawa kinasema hivyo hivyo. Si kweli. Gregory alizaliwa London mwaka 1864. Alipokuja 1893, na kufika Baringo na Mlima Kenya akiwa na wapagazi kama 40, alikuwa mfanyakazi wa jumba la makumbusho la London. Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, kilimpata 1904, akawa profesa wa jiolojia huko mpaka 1929. Hili si kosa dogo la tarehe, maana linageuza hadithi kichwa chini. Gregory hakuleta jiolojia ya Uskoti Kenya. Aliipeleka Kenya Uskoti. Kwa robo karne wanafunzi wa Glasgow walifundishwa na mtu ambaye umaarufu wake ulitoka Baringo na Naivasha. Ushawishi ulikwenda na kurudi, na ziara inayojiita ya Uskoti inapoteza sehemu yake tamu kwa kutolijua hilo.

Hoja yake, hata hivyo, wanaieleza vizuri. Kabla yake wengi waliona bonde wakafikiri mto umechimba. Mwanajiolojia Eduard Suess, akiwa Vienna na ramani za wasafiri mkononi, alikuwa ameshapendekeza mwaka 1891 kwamba ni ardhi iliyopasuka. Gregory akaja kuangalia kwa macho. Kama ni mto, kuta zinapaswa kuonyesha tabaka zilezile kwa urefu uleule pande zote mbili, na bonde liwe na njia ya kutokea. Alichokuta ni ngazi: tabaka moja juu, hilohilo tena chini yake hatua kadhaa, kila hatua ikitengwa na mpasuko, na sakafu yenye maziwa yasiyo na mlango wa kutokea. Kipande cha kati kilishuka. Nakuru, Elmenteita, Bogoria: maji yanaingia, hayatoki, yanabaki magadi. Kutoka ukingoni mwongozaji anakuonyesha ngazi hizo kwa kidole upande wa kusini, na siku ikiwa safi huhitaji mchoro.

Mchana ni Kariandusi, karibu na Elmenteita kwenye barabara kuu ya kwenda Gilgil. Watu huenda kwa ajili ya shoka za mawe za watu wa kale zilizogunduliwa na Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa mtu wa mawe, kilicho bora ni ule mwamba mweupe wa machimbo ya jirani. Karibu kila mgeni husema ni chokaa. Wanakupa kipande na chupa ya matone ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10. Dondosha: kimya, hakuna povu. Kiweke ulimini: kinanata. Kipime mkononi: chepesi ajabu. Ni diatomaiti, mabilioni ya maganda ya mimea midogo ya majini iliyotengenezwa kwa silika, madini ya mchanga na kioo, na maana yake ni kwamba ziwa lenye kina na maji safi lilikaa pale juu, mbali na maji ya leo. Jiwe la chokaa wanalo mfukoni la kulinganisha, limetoka Koru, na lenyewe linachemka papo hapo. Shule isiyo na asidi inaweza kutumia siki, lakini kwaruzeni jiwe kwa msumari kwanza mpate unga, kwa sababu siki ya dukani ni dhaifu na kwenye jiwe zima povu lake halionekani kirahisi. Ndani ya eneo la makumbusho hakuna nyundo wala kuokota. Hata kipande kidogo cha obsidiani kinaweza kuwa kimechongwa na mkono wa mtu, na sheria inakilinda.

Kuhusu ramani wanazotumia, kuna sifa na kuna lawama. Wana nakala za ramani za kijiolojia za serikali zilizochorwa kati ya miaka ya 1940 na 1960 kwa kipimo cha 1:125,000, na bado hakuna kitu rahisi kinachozishinda kwa mtu anayetembea. Rangi ziko wazi, na maelezo ya pembeni yanakupa mpangilio wa tabaka kutoka kongwe hadi changa. Majina ni ya enzi ile: Nyahururu ni Thomson's Falls, Bogoria ni Lake Hannington. Urefu uko kwa futi. Zidisha kwa 0.3048 upate mita. Lawama ni kwamba wanawaacha watu wasome mahali walipo kwenye simu na kuweka alama moja kwa moja kwenye ramani. Simu hutumia mfumo wa kutaja mahali uitwao WGS84, ramani za zamani za huku hutumia Arc 1960, na huku karibu na ikweta tofauti ni kama mita 300, karibu yote kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Ukichukua namba za simu na kuzipiga kwenye ramani ya zamani, alama yako itakaa mita 300 hivi kusini ya mahali ulipo. Kwenye 1:125,000 hiyo ni zaidi ya milimita mbili, inatosha kukutoa kwenye lava na kukuweka kwenye majivu. Programu nyingi za ramani za simu zina sehemu ya kubadilisha mfumo. Badilisheni kabla ya kuondoka. Na dira msiilaze juu ya jiwe la lava wala kando ya nyundo, kwa kuwa sindano inavutwa. Ilazeni juu ya daftari, mbali na chuma.

Siku ya pili ni safari ya Kisumu kupitia Kericho, na ndani ya gari ndipo wanaposimulia habari za Joseph Thomson. Huyu sasa ndiye Mskoti wa kweli. Alizaliwa Penpont, Uskoti, mwaka 1858, baba yake akiwa na machimbo ya mawe mekundu, na alisoma Edinburgh chini ya Archibald Geikie. Geikie alikuwa profesa wa kwanza wa kiti cha jiolojia kilichofadhiliwa na Roderick Murchison mwaka 1871, na alijulikana kwa kuwatoa wanafunzi nje: kwanza tembea, gusa, chora, ndipo ukae uelezwe. Ziara yenyewe imejengwa hivyo, wakijua au wasijue. Mwaka 1879 Thomson alikuja Afrika Mashariki kama mwanajiolojia wa msafara wa Keith Johnston wa Edinburgh. Johnston akafa njiani, na kijana wa miaka 21 akaachiwa msafara wote. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma mto Ruvuma kuangalia makaa ya mawe. Hakukuwa na makaa, bali mawe meusi yenye mafuta kidogo yasiyowaka vya kutosha, na Sultani hakufurahi. Mwaka 1883 ndipo alipovuka nchi ya Wamaasai, akafika Baringo, kisha magharibi mpaka pwani ya Ziwa Viktoria.

Wanasimulia vizuri, ila kwa kipimo cha vitabu vya shule vya zamani, kana kwamba alipita peke yake. Njia ile haikuwa ya Thomson. Ilikuwa ya misafara ya pembe za ndovu ya Waswahili wa pwani, na kwa sehemu kubwa alisafiri pamoja na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa akiijua nchi hii na watu wake. Na kila jiwe lililofika Uingereza lilibebwa na mpagazi kichwani. Geikie alimfundisha Thomson kulitambua jiwe. Kulifikia alifikishwa na watu wengine. Ziara inayosemwa kwa Kiswahili, mbele ya watu wa huku, haiwezi kumtaja mmoja na kumwacha mwingine.

Kuna kosa lake moja ambalo waongozaji wanalitumia kwa akili. Thomson alipofika Elgon aliona mapango makubwa yenye watu na mifugo ndani, akaamua yamechimbwa kwa mikono na watu wa kale. Waliofuata wakaonyesha kwamba ni kazi ya maji katika tabaka laini za volkano, japo watu na wanyama wameyapanua. Swali wanalowauliza wanafunzi ni: angeangalia nini ili asikosee? Jibu lililotakiwa ni kwamba mapango yanafuata tabaka ileile laini, chini ya lava ngumu. Mchimbaji huenda anakotaka. Maji huenda panaporuhusu.

Karibu na Kericho wanasimama kwenye ukingo wa barabara uliokatwa, mwamba mgumu wa kijivu unaoitwa fonolaiti. Gonga kwa nyundo ya gramu 700 au zaidi usikie: kipande kizima hulia kama chuma, kilichooza hutoa sauti ya udongo. Nyundo nyepesi ya useremala haifai, hudunda na kichwa chake huweza kumeguka. Ni kituo cha dakika kumi na kinatosha. Kituo cha Awasi, cha kuangalia tambarare ya Kano na ukuta wa Nandi, kiliwekwa jua likiwa usoni mwetu. Kingefaa kuwa asubuhi ya siku inayofuata.

Kit Mikayi, Seme, nje kidogo ya Kisumu, ndipo James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, anapoingia. Wakati wa Hutton, mwishoni mwa karne ya 18, wengi waliamini graniti ni mashapo ya bahari ya kwanza, hivyo ni mwamba mkongwe kuliko yote. Mwaka 1785, huko Glen Tilt, Hutton alikuta mishipa ya graniti nyekundu imejipenyeza ndani ya mwamba mwingine. Kinachopenya kilikuwa kimiminika, na ni kichanga kuliko kinachopenywa. Basi graniti ilikuwa mwamba ulioyeyuka kwa moto. Pale Seme unaikodolea macho kwa lenzi ya mara kumi: chembe kubwa zilizoshikana bila nafasi kati yake, feldspa, kwatzi, na vipande vyeusi vya maika. Chembe kubwa maana yake ni kupoa polepole, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Mawe yale makubwa hayakupangwa na mtu wala hayakuviringika kutoka mbali. Mwamba ulikuwa na nyufa za wima na za ulalo, maji yakapita kwenye nyufa yakaoza pembe kwanza, udongo laini ukaoshwa, mabonge yakabaki yamebebana. Angalia chini ya mawe: kuna changarawe ya feldspa na kwatzi iliyomeguka, na hiyo ndiyo ushahidi. Ni mahali pa ibada, kwa hiyo nyundo ibaki garini na sauti ishuke. Chakula cha mchana baadaye ni samaki wa kukaanga na ugali kando ya ziwa, kizuri, na wanakula nanyi meza moja.

Siku ya tatu inaanza Kisumu saa tatu, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Upande wa Kakamega mvua ya alasiri ni ya kawaida. Mkifika saa tano, mkala, mkazunguka, mnakuta mawingu yameshuka na mashimo yanateleza. Tulikatiwa kituo cha mtoni kwa sababu hiyo, na kituo chenyewe ndicho kilichokuwa na jiwe bora la siku: konglomereti ya kundi ambalo bado linaitwa Kavirondian kwenye ramani, mwamba uliojaa kokoto za miamba mingine, zikiwemo za lava kongwe ya kundi la Nyanzian iliyo chini yake. Kila kokoto ni hadithi yenye hatua: lava ikamwagika, ikagandamana, ikainuliwa, ikamomonyoka, ikaviringishwa na mto, ikazikwa, ikawa jiwe tena. Hayo ndiyo mahesabu Hutton aliyoyafanya Siccar Point mwaka 1788, alipoona tabaka zilizosimama wima zimefunikwa na nyingine zilizolala, na kutambua kwamba katikati yake kuna muda usiokadirika. Kakamega ushahidi haujianiki kama ufukweni Uskoti. Udongo mwekundu umefunika kila kitu kwa mita nyingi, ndiyo maana waliochora ramani walitegemea mito, visima na mashimo ya dhahabu. Ukikosa kituo cha mto, umekosa siku.

Dhahabu wanaieleza upande mmoja. Walisema wanajiolojia waliigundua. Aliyeanzisha vurugu ile ni L. A. Johnson, Mmarekani mlowezi, mwaka 1931, kwa kuosha mchanga wa mtoni kwenye karai. Serikali ikamleta Sir Albert Kitson mwaka 1932 atoe maoni, na 1933 idara ya madini na jiolojia ikaundwa. Kitson alilelewa Australia na alikuwa ameongoza kazi ya jiolojia Gold Coast, Ghana ya sasa. Si Mskoti, ingawa kijikaratasi kimemweka kwenye orodha. Na kati ya tarehe hizo mbili kuna moja isiyopaswa kurukwa. Desemba 1932 sheria ya ardhi ya Waafrika, iliyokuwa imepitishwa 1930 kwa ahadi ya kuilinda milele, ilibadilishwa ili ardhi ya akiba ya Kakamega iweze kutolewa kwa ajili ya uchimbaji bila kutafutwa ardhi nyingine ya fidia. Ramani tunazozisifu hapo juu zilianza kulipiwa katika mazingira hayo. Mwongozaji wa Menengai aliyesema wazi kwamba maji yalitangulia sayansi angepaswa kusema wazi pia kwamba hapa dhahabu ilitangulia haki.

Rosterman, mgodi mkubwa uliofanya kazi mpaka 1952, sasa ni mtaa wenye wachimbaji wadogo kila kona. Kuona jiwe la kwatzi likisagwa, unga ukioshwa juu ya zulia na vumbi zito likibaki ni elimu tosha. Wachimbaji wakarimu wakikuonyesha punje, jaribu la haraka ni hili: piraiti, madini yanayofanana na dhahabu, ni ngumu, ikigongwa hupasuka, na ikisuguliwa kwenye kigae kisichong'arishwa huacha alama nyeusi ya kijani; dhahabu ni laini, hubonyea, na alama yake ni ya njano. Lakini waongozaji walituacha tusimame karibu na mahali zebaki, inayotumiwa kunasa dhahabu, inapochomwa. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki na unadhuru mishipa ya fahamu. Simameni upande upepo unakotoka, mbali, au ondokeni. Mashimo mengi hayana nguzo za kushikilia kuta. Msiingie hata mkialikwa.

Kwa hiyo, mkiwapigia kuweka nafasi, waambieni usiku wa pili mlale Kakamega badala ya Kisumu, mtoni mfike saa moja na nusu asubuhi, na Rosterman ifuate. Ombeni pia mchimbaji wa pale awe mwongozaji wa siku hiyo na alipwe kwenye bei, si kwa bakshishi. Tulipowaambia hivyo hawakukataa. Walisema gharama itapanda kidogo kwa ajili ya malazi ya dereva. Nusu ya malipo hutumwa mapema kwa M-Pesa, na tarehe ikiharibika kwa mvua wanaihamisha bila kutoza. Epukeni Aprili na Mei kama Kakamega ndiyo mnayoitaka. Januari na Februari ukingo wa Menengai una vumbi zaidi, lakini mto uko chini na konglomereti imejianika.